Vidole vya Mama Pindo

Walimwita Mama Pindo kwa sababu alipoingia mtaani, mgeni asiyejua hata kuomba maji kwa lugha ya wenyeji, kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa kupinda suruali za watu kwenye kibaraza cha fundi viatu. Alikuwa amekimbia vita kwao, binti mgongoni, mkasi mfukoni. Haba na haba, miaka ishirini baadaye alikuwa na duka lake: cherehani nne, kabati la vioo, na sare za shule tatu.

Mwaka huu ikatangazwa kwamba vibali vya wageni vitatolewa kwa alama za vidole. Akaenda na bintiye.

"Weka gumba, mama," karani akasema.

Mashine ikalia. Akaweka tena, ikalia tena. Karani akampangusa kwa spiriti, akajaribu vyote kumi.

"Mama, vidole vyako havina alama."

"Havina vipi, mwanangu? Ndivyo nilivyozaliwa navyo."

Kumbe pasi, sindano na vitambaa vigumu vya sare vilikuwa vimezilamba alama zote. Binti akaja juu: "Kaka, si unamwona? Mtu mzima kasimama mbele yako!"

"Namwona, dada," karani akajibu kwa upole. "Mashine ndiyo haimwoni."

Wakamwambia apumzishe mikono mwezi mzima, huenda alama zingerudi. Akakaa dukani akipaka mafuta, akiwatazama wasichana aliowaajiri wakishona kombo, asithubutu kugusa kitu. Akarudi ofisini mara tatu. Mara ya tatu, karani alipomwona mlangoni aliinamisha kichwa.

Bila kibali, leseni ya duka haikupatikana. Afisa biashara, ambaye watoto wake walivaa sare za pale pale, akaja na kufuli.

"Nisamehe, mama. Nimetumwa."

"Najua, baba. Niache nitoe gauni moja tu. Harusi ni Jumamosi, limebaki vifungo."

Afisa akaitazama karatasi yake, akaitazama tena. "Imeandikwa kisitoke kitu."

Ijumaa bibi harusi akaja na mama yake, wakaliona gauni kupitia kioo. Mama Pindo akasimama nao.

Sasa anakaa kwa bintiye. Huamka alfajiri, huoga, huvaa vizuri kama mtu wa kazini, kisha huketi kitandani. Binti huandika barua ofisi hii na ile, na jibu ni lile lile: suala linashughulikiwa.