Kipande cha Chuma Kilichong'aa Mno

Leo nimeumbuka mbele ya mafundi wote, na nimefurahi mno!

Kiwandani kwetu, maji ya ziwa hupoza mitambo ya barafu. Ndani ya bomba tumetundika kipande cha chuma. Kila wiki mimi hukitoa na kukikagua: kikiwa na kutu au utando, bomba nalo ni chafu.

Asubuhi mhandisi Akello alizima mitambo.

"Mzee, bomba limeziba. Nikikosea, nitaacha kazi."

"Binti yangu, chuma kinang'aa!"

Tukafungua. Konokono tele, na utando mzito kama uji!

Akello akanitazama. "Mzee, ukishakikagua hicho chuma, hukifanya nini?"

"Hukisugua vizuri, kisha hukirudisha. Sipendi uchafu."

Kicheko kilichozuka! Chekeni nanyi.

Brashi yangu ya kusugulia, Akello ameifungia kabatini.