Fomu Thelathini na Nane za Bi Posta

Katika mtaa ule, karatasi inayokwenda serikalini haiandikwi na mwenyewe. Wanaojua kusoma ni wengi, na vijana wanashinda wakiandika kwenye simu, lakini likija suala la fomu wote hushuka hadi chumba cha chini, kona ya mwisho, penye dirisha la bluu. Hapo hukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mwanamke aliyefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kaunta ya posta. Wanamwita Bi Posta. Zamani maombi ya maji ya mtaa yalirudishwa mara mbili. Yalipoandikwa kwa mkono wake yakapita. Pengine ilikuwa bahati tu, lakini nani atabishana na bahati iliyoleta maji?

Ana utaratibu wake aliotoka nao kaunta. Anaandika kile mtu anachosema, hata kikiwa cha kijinga. Hashauri. Akimaliza humsomea mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, ndipo mtu hutia sahihi. Posta haifungui barua, husema, na yeye hafungui kichwa cha mtu.

Dirishani hukaa mumewe. Kiharusi kilimchukua mguu na mkono wa kushoto, kikamwachia ulimi, naye anautumia. Dirisha liko usawa wa kifua cha mpita njia, kwa hiyo tangu asubuhi Mzee husalimu, huuliza habari za wagonjwa, humtania kinyozi wa ng'ambo kwamba kipara chake kinawafukuza wateja. Daktari alisema azungumze na watu kila siku, na katika dawa zote alizoandikiwa, hiyo ndiyo iliyomfaa. Chumba hakina dirisha jingine. Upande wa pili kuna mlango, na mlango unatazamana na ukuta wa jengo la jirani.

Kwa miaka mingi gari la taka lilipita mlango kwa mlango kila Jumanne na Ijumaa. Sasa halmashauri ilitaka kila mtaa uwe na kontena moja kubwa, na watu wapeleke taka wenyewe. Ili wananchi wasije wakasema hawakuulizwa, kila nyumba ililetewa fomu yenye sehemu tatu ambapo gari lingeweza kugeuka. Namba moja, mbele ya geti la shule. Namba mbili, ubavuni mwa duka la mwoka mikate. Namba tatu, kona ya mwisho, kwenye uwazi ulio hatua nne kutoka dirisha la bluu. Hapakuwa na kisanduku cha asiyetaka kontena kabisa. Chini kulikuwa na mistari miwili ya maoni mengine.

Wa kwanza kushuka alikuwa seremala. Alijikuna goti, akatazama dari, akasema aandikiwe tatu. Bi Posta akaandika, kisha akasoma kama kawaida: kontena liwekwe namba tatu, kona ya mwisho. Dirishani, Mzee aliyekuwa akimuuliza mtu habari za mkwe wake akaliuliza swali lilelile mara ya pili.

Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Nani anataka nzi juu ya watoto? Nani anataka nzi juu ya mkate? Ukiondoa hizo mbili, kona ndiyo inabaki. Kufikia siku ya nne watu walianza kusema chaguo lao kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja ugonjwa mbele ya daktari. Lakini Bi Posta alisoma kwa sauti ileile, maana utaratibu ni utaratibu, na Mzee akawa anahesabu.

"Ya kumi na tisa hiyo," alisema jioni moja, kama anayefuatilia magoli.

Bi Posta angeweza kuwaambia. Sentensi moja tu ingetosha: lile ni dirisha letu. Lakini waliokaa kwenye kile kiti walikuwa wanaliona kwa macho yao, na mume wake yumo ndani yake kama picha kwenye fremu. Alingoja wao waseme. Wao, wakipanda ngazi kurudi kwao, waliambiana kwamba ingekuwa kero, angesema. Kila upande ukamngoja mwenzake, na fomu zikajaa.

Siku ya saba alikuja wifi yake, dada mdogo wa Mzee, anayekaa ghorofa ya pili.

"Wifi, usinione vibaya," alisema. "Wanangu wanasoma pale shuleni. Na kaka tangu augue, hata harufu haisikii."

"Nasikia kitunguu ulichokata mchana," Mzee alisema bila kugeuka. "Ulikiunguza."

Wifi alicheka, akafuta machozi, na akatia sahihi namba tatu.

Kinyozi ndiye pekee aliyesema wazi. Alikuja siku ya mwisho, akaangalia bahasha iliyojaa, akamshauri Bi Posta abadilishe namba. Alama ikisogezwa kisanduku kimoja tu inakuwa kitu kingine, nani atajua? Bi Posta akamjibu kwamba mtu akimwachia maneno yake akayapindua, kesho hakuna atakayekaa kwenye kiti kile, na kiti kile ndicho kinachomlisha Mzee. Kinyozi akachagua namba mbili. Ndiyo maana hadi leo mwoka mikate hamsalimu.

Fomu yake mwenyewe Bi Posta aliiandika mwisho, akiwa peke yake mezani. Alishika kalamu juu ya namba moja, akawaona watoto wa wifi. Akaisogeza kwenye namba mbili, akakumbuka mwoka mikate aliyembeba Mzee mgongoni hadi hospitali. Akaacha visanduku vitupu. Kwenye mistari miwili akaandika: gari liendelee kupita milangoni.

Kikao kilikuwa ukumbi wa shule, Jumamosi mchana. Ofisa wa usafi alikuwa dada mwenye adabu na miwani mikubwa. Akasema fomu arobaini na mbili zimerudi, na hilo ni jambo la kupongezwa. Ila thelathini na nane zina mwandiko mmoja, na karibu zote zimechagua namba tatu. Kanuni iko wazi: ikiwa mtu mmoja amejaza fomu za watu kwa matakwa yake, zote zinatupwa. Mtaa utahesabiwa haujajibu, na gari litapita mlango kwa mlango kama zamani hadi mwakani, zoezi litakaporudiwa.

Bi Posta alielewa kabla sentensi haijaisha. Kinyozi, aliyekaa nyuma yake, aligonga mguu wa kiti chake kwa kiatu, polepole, mara mbili. Mwaka mzima. Kwa mtu wa hali ya Mzee, mwaka ni mali.

"Mama, samahani," alisema ofisa, akifuata macho ya ukumbi hadi kwake. "Ni wewe uliyechagua namba tatu?"

Ilihitajika ndiyo moja. Angeonekana mwongo mbele ya mtaa mzima, basi. Aligeuka akawatazama. Seremala aliangalia mikono yake, wifi aliangalia ndala zake. Hata hapo walimwachia yeye aandike.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Maneno ni yao. Nilimsomea kila mmoja kabla hajatia sahihi."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Namba tatu."

Ofisa aliweka kalamu chini. Akauliza ukumbi kama kuna anayetaka kubadilisha maoni yake. Nafasi bado ipo. Viti vilikwaruza sakafu. Seremala akainuka nusu, na kwa kitambo ilionekana atasema. Akauliza kama kontena litakuwa na kifuniko. Ofisa akajibu litakuwa nacho. Ukumbi ukapumua kwa pamoja, kama kwamba hilo ndilo lililokuwa swali, na muhuri ukapigwa.

Mzee alikuwa amesikia habari kabla mkewe hajafika. Wapita njia walimletea. Mkewe alipoingia, Mzee hakumuuliza matokeo. Alimuuliza kama ni kweli aliulizwa ni chaguo la nani.

"Niliulizwa."

"Ungesema ndiyo."

"Ningesema. Wangejua wote kwamba naweza kusema uongo kuhusu kalamu yangu." Akavua viatu. "Kitakuwa na kifuniko."

"Na mimi wataniwekea?"

Mzee alicheka peke yake. Kisha akamwomba amgeuze. Bi Posta akamwambia zimebaki wiki tatu kontena lifike, ya nini haraka.

"Ndiyo maana," alisema. "Niuzoee ukuta mapema."

Kiti cha Mzee kilikuwa kizito. Walikigeuza pamoja, yeye akisukuma, Mzee akijivuta kwa mguu mzima, hadi uso wake ukaelekea mlangoni. Huko nje mtu akapita, akatoa salamu dirishani kama siku zote. Mzee akaitikia, lakini sauti haikutoka nje. Iligonga ukuta wa jirani, ikarudi, ikabaki nao humo ndani.