Pua na Pipa la Tisa

Kiwandani pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pua, naye aliitika, maana pua ndiyo iliyomlisha miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuosha mapipa ya mbao kwa maji ya moto, kuyakausha, kisha kuingiza uso kwenye tundu na kuvuta pumzi. Akisema "Safi," mvinyo unamiminwa. Akisema "Siki," pipa linarudi kuoshwa. Hata bosi, mtu wa kubishana na mawingu, hakubishana na pua ile.

Sasa pua yenyewe ilikuwa imekufa. Mafua yalikuja, yakaondoka, yakaondoka nayo. Kahawa ikawa maji meusi ya moto, sabuni ikawa jiwe. Alingoja wiki, mwezi, miezi mitatu. Wapi! Na hakumwambia mtu. Waoshaji wa mapipa wako tele. Mwondolee Pua hiyo pua, anabaki mama wa miaka hamsini na minne mwenye goti bovu. Nani atamweka?

Tangu mwanzo alikuwa amebuni ujanja. Pipa lililochacha huvuta wale nzi wadogo wa matunda. Basi akawa anaacha tundu wazi asubuhi nzima: nzi wakijaa, siki, wasipokuja, safi. Halafu anainama na kuvuta pumzi kwa kishindo ili watu wamwone. Ujanja huo ulimchosha kuliko kazi. Kutwa kuchunga nzi kama mlinzi wa jalala!

Siku hiyo ilikuwa ya kumimina mvinyo mwekundu. Ule mweupe, wa zabibu za ngozi laini, ni mwepesi, wa kunywa pamoja na samaki. Hukaa kwenye matangi ya chuma na haukumhusu. Wake ulikuwa wa zabibu nyeusi zenye ngozi nene, mvinyo mzito unaokausha ulimi, wa kushushia nyama ya kuchoma. Huo hulala kwenye mbao mwaka mzima, na pipa moja lililochacha hugeuza jasho la msimu kuwa siki ya kachumbari.

Asubuhi goti lilikuwa linawaka moto. Kwa kuchoka, akafanya kinyume: alichoma salfa, ile dawa ya kuua vijidudu inayochomwa mwishoni, ndani ya pipa la tisa kwanza, ndipo akakaa kungoja nzi. Moshi wa salfa hufukuza kila chenye mabawa. Nzi hawakuja. Bosi alipopita, Pua akasema, "Safi."

Mchana akaenda jikoni, ambako wifi yake, mke wa kaka yake, aliwapikia wafanyakazi na wageni wa kuonja mvinyo. Hakumkuta. Akakaa kando ya jiko, akaegemeza kichwa ukutani, mpaka wifi akaingia na ndoo ya maji.

"Wewe wifi! Maharage yanaungua, nawe umeyaatamia kama kuku!"

"Sikuona."

"Nani kakwambia uone? Harufu imenifikia mimi bombani huko nje!" Wifi akaepua sufuria, kisha akamgeukia. "Hebu fumba macho."

"Niache, nimechoka."

"Fumba!" Akamsogezea kitu puani. "Nini hiki?"

Pua akavuta pumzi. "Kitunguu?"

"Tambara la kusugulia masufuria. Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Mama yangu! Na mapipa unayajuaje?"

"Kwa nzi."

Wifi akacheka mpaka akashika meza. Halafu kicheko kikamkauka. "Na leo je, nzi wamesemaje?"

Hapo ndipo Pua alipokumbuka. Salfa kwanza, nzi baadaye. Akasimama, goti likalia, akauvuka ua akichechemea, wifi nyuma yake na mwiko mkononi. Ndani ya ghala pampu ilikuwa inanguruma. Mpira wa kumiminia mvinyo ulikuwa bado kwenye pipa la nane.

"Zima!" akasema. "Bosi, la tisa sijui kama ni safi. Sisikii harufu yoyote, mwezi wa tatu huu."

Bosi akainama kwenye tundu, akanusa, akainuka akitikisa kichwa. Miaka thelathini ya sigara, atanusa nini? Wifi akamsukuma kando kwa kiwiko, akatumbukiza uso.

"Salfa. Na chini yake... kama soksi za kaka yako."

"Zimevunda, au zinachoma pua?" Pua akauliza.

"Zinachoma."

"Hiyo siki."

Bosi akajifuta uso kwa kofia. "Miezi mitatu unanidanganya."

"Mitatu."

Bosi akamwonyesha wifi kwa kidole. "Huyu ana pua."

"Pua anayo, maneno ya kutaja harufu hana."

"Maneno unayo wewe." Akawageuzia mgongo. "Kuanzia leo mtanusa wawili. Na ukinidanganya tena, nenda kachunge nzi wako kwako."

Pua akaketi juu ya kreti, akanyoosha mguu. Hakufurahi; alichoka tu, uchovu wa mtu aliyetua mzigo na bado anauhisi begani.

"Haya, la kumi," akasema. "Inama."

"Na maharage yangu?"

"Hayo yameungua, wifi. Hata mimi najua."