Mabawa Matatu ya Kuku Mmoja

Ndila wa Kathonzweni hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Yai alilitikisa sikioni kabla ya kulilipia. Maharagwe aliyapekua hadi chini ya debe, maana juu, alisema, hata mwizi hupanga mazuri. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba malaika akija, Ndila atamwomba kitambulisho. Lakini alikuwa amemsomesha binti yake Kanyiva kwa kuuza ndengu, na madalali wa ndengu ndio waliomfunza kutoamini mtu.

Jumamosi hiyo Mzee Nzuki wa Kibwezi alikuwa anakuja na mwanawe kumposa Kanyiva. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umefagia banda lote la kuku, kwa hivyo Kanyiva, karani katika ofisi moja mjini Wote, alifika na boksi la Jogoo Moto lililoandikwa "Kuku Mzima".

Ndila alilijua duka hilo la kuku wa kukaanga. Kanyiva alimpeleka huko kwa mshahara wake wa kwanza, na pamoja na ukali wake wote, Ndila alikubali: paja lilijaa kiganja, na mafuta yalikuwa safi. Lakini tangu wafungue matawi kila mji, watu walisema nyama imekonda na unga umenenepa. Na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona siku hizi walikuwa wakijitangaza redioni kutwa?

Akavipanga vipande kwenye sinia, amtafute huyo kuku mwenyewe. Akapata paja moja, migongo, na mabawa matatu.

"Kuku gani huyu ana mabawa matatu?"

"Mwaitu," Kanyiva alimwita mama yake kwa Kikamba, "hao huchanganya tu. Wacha, wageni wako karibu."

"Wageni waone nimewaokotea makombo? Nipe risiti. Mutiso wa bodaboda atalirudisha boksi hili saa hii."

"Nilitupa."

"Basi naenda mwenyewe. Leo watanijua!"

Alikuwa tayari amevaa kiatu kimoja Kanyiva alipomshika mkono, akaanza kulia.

"Mwaitu, usiende. Si wao. Boksi niliomba tu. Hizo vipande nimenunua moja moja, zile za bei ya chini. Kazi iliisha tangu Machi. Nilikuwa nakuficha."

Ndila aliketi. Miezi yote hiyo binti alimwambia kwenye simu kwamba kazi ni nyingi, naye aliitikia, akashukuru Mungu. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye Ndila hakuwahi kumkagua, na mtu huyo alikuwa akilala njaa huko mjini Wote. Ilimuuma vibaya. Alitamani kumgombeza, akatamani kumkumbatia, akakosa hata pa kuanzia.

Nje wageni wakabisha hodi. Ndila alimpangusa binti yake machozi kwa ncha ya leso, akalibeba sinia mwenyewe hadi mbele ya wageni.

"Mzee, mtusamehe sana. Hao watu wa Jogoo Moto wametuchezea. Huyu mtoto amelipia kuku mzima, na ona, mabawa matatu!"

Mzee Nzuki aligeuza bawa moja, akacheka.

"Mama Kanyiva, hata sisi Kibwezi ni hivyo hivyo. Hao siku hizi ni wezi tu."

Ndila alikuwa amewashuku watu maisha yake yote, lakini hakuwahi kumsingizia hata mmoja.

"Wezi kabisa, mzee," alisema, bila kupepesa jicho.