Majani ya Kobe wa Koko

Jumamosi iliyopita tulimzika koko, mama mzaa mama yangu, hapa Bunia. Tuliporudi matangani nilipita nyuma ya nyumba, nikakuta ile beseni yake ya bluu bado iko pale, imetoboka. Nilichungulia ndani. Kobe hayumo tangu nikiwa mtoto, lakini nilichungulia tu.

Nikueleze. Tulipokimbia kijiji chetu, watu walibeba magodoro na sufuria. Koko alibeba kobe kichwani, ndani ya beseni hiyo, safari nzima. Kobe huyo babu alimwokota kwenye njia ya Kasenyi, na babu alipokufa koko hakubaki na kitu kingine chake.

Tulipata chumba kimoja karibu na kijito. Kazi yangu ilikuwa kumchumia kobe majani kabla ya kwenda shule. Bado nausikia ule mlio, krr, krr, akikata shina la mashona-nguo kwa mdomo wake mgumu. Alipenda lenga-lenga, yaani mchicha, iliyojiotea yenyewe, na yale majani madogo yenye uchachu, ambayo koko alisema apewe kidogo tu. Majani yanayotoa maziwa, hapana. Ya karibu na gereji, hapana, yamelewa mafuta. Ya jalalani, hapana kabisa. "Kitu mbuzi anaruka, na weye uruke," alikuwa akisema.

Njaa ilipozidi, sisi pia tukaanza kula majani ya kobe. Hapo koko akaleta desturi yake: jani ambalo hakulijua vizuri, kobe alilionja kwanza. Tulingoja siku moja. Kobe akiendelea kutembea, sufuria ilipanda motoni. Jirani alimtania kutoka upande wa pili wa ua.

"Koko, uyu kobe wako njo munganga sasa?"

"Njo munganga. Na haombe fishi!"

Tulicheka wote, maana zahanati haikukuona kabla hujalipia fishi. Mdogo wangu wa kike, wa miaka minne, aliendelea kucheka hata watu walipokwisha kunyamaza. Ndivyo alivyokuwa.

Siku moja mvua ilinyesha, kijito kikajaa. Sikutaka kushuka kwenye matope. Nikachuma jalalani miche michanga yenye majani mapana, laini, mazuri kuliko lenga-lenga yoyote.

"Umetosha wapi?" koko aliuliza nilikoyatoa.

"Ku kijito."

Aliyanusa, hakuyajua, akampa kobe. Kobe alikula. Kesho yake jioni alikuwa akitembea kama kawaida, na koko akanituma nikachume mengine palepale. Nikaenda jalalani tena. Tuliyala na bugali.

Giza lilikuwa halijaingia vizuri mdogo wangu aliposema kinywa chake kimekauka. Macho yake yalifunguka makubwa, akawa anachuma hewani vitu ambavyo sisi hatukuviona. Sisi wengine tulitapika. Yeye alifia kwenye pikipiki, kati ya dereva na mama, kabla hawajafika kituo cha afya.

Kobe alikufa siku tano baadaye. Kobe hufanya kila kitu polepole, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba siku moja haimtoshi.

Siku ya mazishi ya mdogo wangu nilimwona koko kule jalalani, peke yake, aking'oa ile miche na mizizi yake yote. Aliniangalia, akaendelea kung'oa. Kisha akarudi, akawaambia watu waliokaa matangani: "Ni miye nilichuma." Wengine walimwita mchawi, mimi nikiwa nimesimama palepale. Na tangu siku hiyo mama hakula tena chakula cha mkono wa mama yake, mpaka koko alipokufa.

Jalala limefukiwa, nyumba zimejengwa juu yake. Kijito kimebaki mfereji wa chupa na mifuko. Mashona-nguo bado yanaota pembeni, wala hakuna anayeyachuma.

Leo asubuhi mama na mimi tulikaa kwenye mkeka tukichambua lenga-lenga ya wageni wa matanga.

"Mama," nilisema, "yale majani, ni miye nilichuma. Ku jalala. Nilimudanganya koko."

Mikono yake ilisimama. Baadaye alivuta kwake kikapu cha majani niliyokuwa nimekwisha kuyachambua, akaanza kuyachambua upya, jani moja moja.