Nyundo Isiyopiga Hodi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mie kijana wa nyundo, mikono ina nguvu na mdomo hauna breki. Hoteli ndiyo kwanza zilikuwa zinaota kule Kiwengwa na Matemwe, na kila tajiri anataka mlango wa Kizanzibari wenye misumari ya shaba. Karakana yetu ilikuwa hapa hapa Mji Mkongwe, chumba cha chini kwenye kichochoro chembamba. Bwana wetu, Fundi Makame, alikuwa amepata kazi ya milango ya hoteli nzima. Vijana wote tuliitegemea kazi hiyo. Tukiikosa, hatuna pengine.

Ghorofa ya juu yetu akikaa Bi Zuhura, mkunga wa hospitali. Alikuwa akenda zamu ya usiku, akirudi asubuhi ndiyo alale. Basi akiweka kichwa kwenye mto tu, na sisi tumeanza. Ko! Ko! Ko!

Siku hiyo akachungulia dirishani, kanga kichwani, macho mekundu. "Wanangu, nihurumieni japo mpaka adhuhuri."

Nami kwa ufedhuli wangu nikamjibu, "Bi Zuhura, mchana si wa kulala, ni wa kazi!" Wenzangu wakaangua kicheko. Fundi Makame hakucheka. Aliweka patasi yake chini, akaniita.

"Naam," nikaitika.

"Leo umepiga hodi kwa Bi Zuhura?"

"Mie sikwenda kwake, Fundi."

"Nyundo yako imekwenda. Tangu asubuhi imo chumbani mwake, na haijapiga hodi. Panda ngazi sasa hivi ukaiombee ruhusa."

Lahaula! Nikapanda, nimenywea. Ada yetu unaijua: hodi tatu, ukikaribishwa ingia, usipokaribishwa geuka urudi, wala usinune. Hodi ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, sauti ikatoka ndani: "Hakuna mtu! Nimelala!"

Nikashuka nikawasimulia. Tulicheka sote mpaka machozi, safari hii na Fundi mwenyewe, lakini nyundo zikawekwa chini kweli mpaka adhuhuri. Ikawa hivyo kila siku. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana milango ilichelewa, na mwenye hoteli akaanza kusema atatafuta mafundi wengine.

Kumbe majirani nao walikuwa wameshapeleka malalamiko. Akaja afisa wa mipango miji, kijana mtanashati, akasema karakana ifungwe. Fundi Makame akaanza kukusanya patasi zake. Nani wa kututetea? Mara tukamwona Bi Zuhura anateremka ngazi.

"Nani kakwambia nataka wafungiwe?" akamuuliza yule afisa. "Ukiwafungia, watakula nini? Mie nataka nilale, na wao wapige nyundo. Mwenye ramani ni wewe, basi tutafutie nafasi sote."

Yule kijana alikuwa muungwana, akasikia, akasema basi karakana isifungwe, ihamishwe. Ndipo Fundi akatoa ya kwake: asitupwe porini. Apewe pahala Ng'ambo, kule nje ya Mji Mkongwe, penye njia ya gari la mbao, umeme uwepo kabla hajahama, kodi iwe nafuu mpaka wateja waijue njia. Na chumba cha Mji Mkongwe aachiwe aweke milango ya kuonyesha, wageni wapite watazame. Walizungushana weee! Lakini yakakubaliwa. Tukahamia karibu na mafundi gereji na wachomea vyuma, na wallahi, nyundo ilikuwa tamu! Tukapata nafasi ya mashine, milango ya hoteli ikaisha, kazi nyingine zikaja, na mafundi tukaongezeka.

Baadaye nikaoa. Mke wangu aliposhikwa na uchungu, mambo yakawa mazito, mtoto kakaa vibaya. Aliyekuwa zamu ni Bi Zuhura. Akapambana naye mpaka alfajiri, akampokea mtoto salama na mama yake salama. Akatoka, akaniona nimesimama pale, akatabasamu. "Una bahati," akanambia. "Jana mchana nililala vizuri." Nililia pale ukumbini, mtu mzima mie, na sioni haya kukwambia.

Basi leo nyinyi ndio mnaokaa ofisini mkauchora mji, na wengine mnafungua mikahawa juu ya mapaa, spika kubwa kuliko kabati. Sikukatazeni, watu wale na vijana wapate kazi. Lakini nakuusia, mwanangu: kabla hujatoa kibali cha jenereta au cha muziki, nenda kakae nyumba ya jirani, saa anayolala mwenye nyumba, ujue anayelala mle kazi yake nini. Kelele ipangiwe mtaa wake na saa zake tangu ramani ingali karatasi, si baada ya watu kugombana. Na unayemhamisha, mtangulizie barabara, umeme na wateja. Usimpeleke akafe njaa kisha ukaita hayo maendeleo.

Mwenyezi Mungu akupeni riziki isiyomkera jirani. Akujaalieni majirani wa kukuombeeni dua, si wa kukushitakini. Na wajukuu zenu awajaalie wazaliwe katika mji ambao mkunga wake amelala akashiba usingizi. Amin.