Kitenge juu ya televisheni

Ninyi tuliokulia pamoja kwenye vilima vya Masisi, mnakumbuka Jumapili alasiri zetu? Tukitoka misa, tunakula maharage mbiombio, halafu watu wanaanza kujaa kwetu. Televisheni ilikuwa moja mtaa mzima, ndogo, ya batri ya gari, na Papa aliiweka juu ya kabati la vitabu vyake vya shule. Waliochelewa walichungulia dirishani, mabuti yao yamejaa matope. Sebule yote ilinuka maziwa, moshi na makoti yaliyonyeshewa.

Tulingoja kipindi kimoja tu: wachekeshaji wanne nyuma ya meza ndefu, na bwana mmoja wa tai anayewauliza maswali ya ajabuajabu. Walisema Kifaransa na Kilingala. Papa, kwa kuwa alikuwa mwalimu, alitutafsiria. Lakini tuseme ukweli, hatukukaa pale kwa ajili ya wale wanne. Utamu ulikuwa Mama. Alikaa karibu na mlango wa jikoni akichambua maharage, na kila swali alilijibu kabla yao. Siku moja bwana wa tai aliuliza kwa nini mwanamume fulani amerudi nyumbani na kiatu kimoja.

"Kile kingine kimebaki kumuwekea kiti ku kasiksi," Mama akasema, bila kuinua macho.

Wee! Watu walishika mbavu, na wapenzi wa ile pombe ya ndizi ndio waliocheka kupita wote. Jibu la wachekeshaji hatukulisikia kabisa.

Halafu kaka yangu Bahati akafa. Homa ya siku tatu tu. Alikuwa kifungua mimba, njo maana Mama aliitwa Mama Bahati, na baada ya mazishi kila aliyemsalimia alimchoma upya. Mama alitoa kitenge chake, akafunika televisheni. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mpaka lini. Jumapili zikapita, sebule kimya, Mama na ungo wake, na sisi watoto tuliogopa kucheka hata uani. Mimi nilimlilia Bahati, nikamlilia na Mama, maana niliona naye anatuponyoka.

Papa hakumsukuma. Ila kila Jumamosi aliifunga ile batri kwenye pikipiki, akaipeleka kuchajiwa, akairudisha mahali pake. Mwishowe Mama akashindwa kunyamaza.

"Papa Bahati, hii batri unachajisha ya nini?"

"Ili siku utafunua, ikuwe tayari."

Kesho yake, baada ya misa, Mama alikivuta kile kitenge, akakikung'uta vumbi, akajifunga kiunoni. Sijui majirani walijuaje. Walikuja, wakaketi wakitazama magoti yao. Bwana wa tai akauliza: ng'ombe akipata simu, atampigia nani kwanza? Papa alitafsiri kwa sauti ndogo. Vidole vya Mama vikasimama kwenye maharage.

"Atapigia mutoto wake," akasema. "Amuulize kama alishiba, ao sisi njo tulimaliza maziwa yote."

Papa alicheka wa kwanza, machozi yanamtiririka. Nyumba nzima ikafuata. Mama alicheka mwisho, kidogo tu, na mimi nikashukuru Mungu kwa sababu nilijua amerudi.

Leo nina televisheni pana kama meza, na umeme wa jua. Wanangu je? Kila mmoja na simu yake, vidude masikioni, anacheka peke yake kwenye kona kama mwenye homa. Ukiuliza kinachochekesha, unaambiwa, "Papa, hauwezi elewa." Haya, wakubwa wangu.

Mwezi uliopita tulimzika Mama. Tuliporudi kutoka makaburini nilichukua kile kitenge chake, nikafunika televisheni kama alivyofanya yeye. Nikakaa nikingoja mtoto mmoja aniulize mpaka lini. Leo ni Jumapili ya nne. Hakuna hata mmoja aliyeona.